Tanuru Likizimika Januari, Tuanze na Waya

Shikamooni wazee wangu, hamjambo vijana, na ndugu zetu wa Bukavu, Uvira na Goma, jambo yenu. Asanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja kusikiliza habari za waya. Nimeombwa nizungumzie tanuru la kupasha nyumba joto, hasa lile tatizo ambalo wengi hapa mmenipigia simu kwa ajili yake: tanuru lilikuwa linafanya kazi vizuri, ghafla limezimika, gesi ipo, bili imelipwa, na nyumba imeanza kupoa.

Nyote mnaijua baridi ya Minnesota, lakini kuna wageni waliofika juzijuzi, nao nataka waelewe kwa nini jambo hili si dogo. Tarehe 30 Januari 2019, hapa Minneapolis, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 28 chini ya sifuri kwa Farenhaiti, yaani kama 33 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Kule Tower, kaskazini mwa jimbo hili, tarehe 2 Februari 1996 ilifika nyuzi 60 chini ya sifuri. Siku kama hizo, nyumba isiyo na joto haikupi muda mrefu. Maji yanaganda ndani ya mabomba yaliyopita ukutani, yakiganda yanatanuka, bomba linapasuka, na barafu ikiyeyuka sebule inageuka bwawa. Kwetu umeme ukikatika usiku tunawasha mshumaa, tunamaliza kula, tunalala. Hapa mtoto mchanga yumo ndani, bibi mwenye shinikizo la damu yumo ndani, na kila saa inayopita ina uzito wake.

Neno langu kubwa leo ni hili. Tanuru halizimiki kwa ukaidi. Limezimika kwa sababu kuna waya umelipatia amri lizime, au waya uliopaswa kulipatia amri liendelee umenyamaza. Kazi yetu ni kuuliza nani katoa amri hiyo na kwa nini. Mtu anayekimbilia kulilazimisha liwake bila kuuliza anacheza na roho za watu waliolala ghorofani.

Wengi huniambia, "Fundi, tanuru langu ni la gesi, umeme unahusikaje?" Gesi inaungua, ni kweli. Lakini anayeamua iungue lini, na ikatwe lini, ni umeme. Na tukisema kweli, historia hiyo ilianza hapahapa mjini. Mwaka 1885 Albert Butz, hapa Minneapolis, alibuni kifaa cha umeme cha kufungua na kufunga mlango wa hewa wa tanuru la makaa ya mawe bila mtu kushuka chini. Nyumba ikipoa, kifaa kinafungua. Ikipata joto, kinafunga. Mwaka 1919 mwanamke Mmarekani mweusi wa New Jersey, Alice Parker, akapewa hataza ya mfumo wa kupasha nyumba joto kwa gesi, wenye sehemu kadhaa zinazoweza kuongozwa kila moja peke yake. Dada zetu mnaosomea ufundi, lishikeni jina hilo.

Sasa tuingie ndani ya sanduku. Nawaomba mfuatilie mpangilio wa kuwaka hatua kwa hatua, maana ukiujua huo, umejua nusu ya kazi ya fundi.

Themostati ukutani inaona chumba kimepoa. Ndani yake nyaya mbili zinakutana, mwekundu na mweupe, na umeme wa volti 24 unateremka hadi kwenye bodi ya tanuru, kile kibao cha saketi kinachotoa amri zote, kuipa habari: wanataka joto. Bodi haiwashi gesi mara moja. Kwanza inazungusha feni ndogo, ile inayovuta moshi na kuutoa nje. Unaisikia inaanza kuvuma. Feni ikishavuta hewa ya kutosha, swichi ndogo ya presha, yenye mpira mwembamba kama mrija, inajifunga na kuiambia bodi kwamba njia ya moshi iko wazi. Hapo ndipo kiwashio kinapata umeme. Ni kipande kidogo kinachowaka chekundu hadi cheupe, zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi, na ukichungulia kwenye kidirisha unakiona king'aavyo. Baada ya sekunde kadhaa valvu ya gesi inafunguka, moto unashika, unakimbia kutoka kichomeo kimoja hadi kingine. Halafu bodi inauliza swali moja la mwisho: je, moto upo kweli? Ikijibiwa ndiyo, inasubiri nusu dakika hivi chuma kipate joto, kisha inawasha feni kubwa, na hewa ya moto inapanda vyumbani.

Katikati ya safari hiyo kuna swichi za usalama, moja baada ya nyingine kwenye mstari mmoja. Kuna ya joto kupita kiasi, kuna ya moto kutoka nje ya nafasi yake, kuna ile ya presha. Zote lazima zikubali. Ni kama barua yako ya utambulisho kule nyumbani: inapita kwa mjumbe, kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa mtendaji wa kata, na mmoja akikataa kuweka sahihi barua imekwama, hata kama wengine wote wanakupenda. Tanuru nalo swichi moja ikifunguka, au waya wake mmoja ukichomoka, valvu ya gesi inafungwa. Hivyo ndivyo lilivyotengenezwa, na ni vizuri liwe hivyo.

Kabla sijafika kwenye waya wenyewe, niyapitie haraka mambo matatu ambayo hayahitaji fundi. Pembeni ya tanuru, au juu kwenye ngazi za besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, kuna swichi inayofanana kabisa na ya taa. Watoto huizima, mgeni huizima akidhani ni taa. Iangalie kwanza. Kisha nenda kwenye boksi la breka, zile swichi zinazojikata umeme ukizidi. Iliyojikata hukaa katikati, si juu wala chini, kwa hiyo izime kabisa ndipo uiwashe. Iwashe mara moja tu. Ikijikata tena, iache hivyo, maana inakuambia kuna hitilafu na inazuia moto. Tatu, mlango wa chini wa tanuru. Nyuma yake kuna kitufe kinachobanwa na mlango wenyewe. Mtu akibadilisha filta na asirudishe mlango sawasawa, kitufe hakibanwi na tanuru lote linakufa, hata kitaa chake hakiwaki. Nimeitwa usiku wa manane kwa ajili ya mlango uliokaa upande. Na betri za themostati, tafadhali. Zibadilisheni kila mwaka kabla ya Oktoba.

Haya, shoti.

Ndani ya tanuru kuna transfoma inayoushusha umeme kutoka volti 120 hadi 24. Mara nyingi ni ya volti-ampia 40, maana yake inaweza kutoa ampia moja na nusu hivi, basi. Ili isiungue, bodi imewekewa fyuzi ndogo ya rangi, sawa na ile ya kwenye gari, ya ampia 3 au 5. Ya 3 ni ya zambarau, ya 5 ni ya hudhurungi iliyofifia. Waya mwekundu wa volti 24 ukigusa ule wa kurudi, au ukigusa bati la tanuru, fyuzi inakatika hapohapo. Themostati inazima, tanuru linanyamaza, na mwenye nyumba anasema themostati imekufa.

Kisa kinachonijia mara nyingi zaidi kuliko vyote ni cha themostati mpya, zile za intaneti. Kijana kanunua, kafungua ya zamani bila kuzima umeme kule chini, kwa kuwa ni volti 24 tu na haitamuua. Ni kweli haitamuua. Lakini nyaya zimetoka ukutani zikiwa uchi, mwekundu umembusu wa buluu, ule wa kurudi, kwa sekunde moja, na fyuzi imekwenda. Kijana anamaliza kufunga, kioo hakiwaki, anarudi dukani kulalamika kuwa kauziwa kibovu. Dawa yake ni dola chache: zima umeme, toa fyuzi, tazama kama kiuzi cha ndani kimekatika, weka nyingine ya ampia zilezile. Zilezile, nasisitiza. Ukiweka ya ampia 10 kwa sababu ndiyo iliyokuwamo garini, shoti inayofuata itaunguza transfoma, na pengine bodi nzima, na hapo hatuzungumzi tena dola chache.

Lakini kuna shoti inayojificha, na hiyo ndiyo inayowatesa watu. Nyumba moja niliyoitwa, ya familia yenye watoto wanne, fyuzi ilikuwa inakatika kila baada ya siku chache, na mara nyingi usiku. Walikwishabadilishiwa themostati na fundi mmoja, bodi na mwingine. Nilipofika niliufuata waya wenyewe kwa tochi na kwa vidole, kutoka kwenye bodi, ukapita kwenye tundu la ubavuni mwa sanduku, ukapanda. Pale kwenye tundu hapakuwa na mpira wa kulinda ukingo. Waya ulilala juu ya makali ya bati. Feni kubwa ikizunguka, sanduku linatetemeka kidogo, na kila mtetemo ulikuwa unakwangua plastiki, bandu bandu, mpaka shaba ikachungulia. Alama yake ilikuwa ndogo kuliko punje ya mtama, nyeusi kidogo pembezoni. Usiku tanuru linafanya kazi mfululizo, mtetemo mwingi, shaba inagusa bati, fyuzi kwishnei. Nilikata sehemu iliyoharibika, nikaunga upya, nikaweka kipete cha mpira kwenye tundu. Kifaa kile kinauzwa kwa senti. Wale watu walikuwa wamelipa bodi nzima.

Kwa hiyo fyuzi ikikatika mara ya pili, usiweke ya tatu. Anza kuutafuta waya. Angalia panapopita kwenye bati, palipopigwa pini ya ubao kwa nguvu mno hadi ikatoboa ganda, na kule kwenye dari ya besimenti ambako panya hupenda kutafuna. Fundi ana njia nzuri ya kulifanya hili: anachomoa nyaya zote za themostati kwenye bodi, anaweka fyuzi, halafu anarudisha mmoja mmoja. Ule unaoikata fyuzi ndio mkosaji.

Na hapa niongeze jambo kwa wenye kiyoyozi cha nje. Waya wa manjano unaokwenda kwenye mashine ya nje unapita kwenye nyasi, unakatwa na mashine ya kufyekea, unakojolewa na mbwa, unapigwa na jua. Wakati wa baridi hauna umeme, kwa hiyo shoti yake imelala kimya. Siku ya kwanza ya joto mwezi wa Mei ukiwasha ubaridi, fyuzi inakatika na unalilaumu tanuru ambalo halina kosa.

Sasa naomba mafundi umeme mliofundishwa nyumbani mnisikilize kwa makini, maana hapa pana hatari ya kweli.

Wengi wetu tuliojifunza Kenya, Tanzania au Uganda tulianza na rangi za zamani za Kiingereza: mwekundu ni laivu, yaani wenye umeme, mweusi ni nyutro, yaani wa kurudi. Baadaye zikaja kahawia na buluu. Mkono wako umezoea, macho yako yamezoea, ukiona mweusi moyo unatulia. Hapa Marekani mweusi ndio laivu. Mweupe ndio nyutro. Athi, waya wa usalama unaokwenda ardhini, ni wa kijani au shaba tupu isiyovikwa kitu. Fundi mwenye uzoefu wa miaka mingi anaweza kuushika mweusi kwa kujiamini kabisa, na ni huko kujiamini kunakoua. Volti 120 ni nusu ya tulizozoea, lakini inatosha kabisa kuusimamisha moyo, hasa besimenti yenye sakafu ya unyevu.

Ndani ya tanuru rangi hizo zinabadilika maana tena. Upande wa volti 120 mweupe ni nyutro. Upande wa volti 24, ndani ya sanduku hilohilo, mweupe ndio unaobeba amri ya joto kutoka kwenye themostati, na mwekundu ndio wenye umeme wake. Na hata hiyo ni desturi tu. Aliyefunga mwaka 1990 huenda waya mweupe ulimkatikia ukutani akatumia wa kahawia. Kwa hiyo usiiamini rangi. Soma herufi iliyoandikwa kwenye bodi pale waya ulipofungwa, R, W, C, Y, G, halafu pima kwa mita. Mita haina mazoea.

Kosa la kubadilisha laivu na nyutro lina matokeo mengine yanayoshangaza. Ukichomeka taa iliyogeuzwa nyaya, inawaka tu. Feni inazunguka tu. Lakini tanuru la kisasa likigeuziwa laivu na nyutro mara nyingi linakataa, na kitaa chake kinapepesa kukuambia hivyo. Mtu karekebisha soketi ya besimenti iliyo kwenye laini moja na tanuru, kila kitu kinafanya kazi isipokuwa tanuru, naye haoni uhusiano wowote. Uhusiano upo kwenye namna tanuru linavyouona moto, na hili ni jambo ambalo hadi leo nalipenda katika kazi hii.

Mbele ya kichomeo cha mwisho kuna ufito mwembamba wa chuma. Bodi inaupelekea umeme wa kwenda na kurudi. Moto wenyewe unapitisha umeme, lakini unapitisha vizuri zaidi kuelekea upande mmoja, kutoka kwenye ufito kwenda kwenye kichomeo. Kwa hiyo umeme unaorudi bodini, kupitia chuma cha kichomeo, kupitia bati la tanuru, kupitia waya wa athi, unakuwa wa upande mmoja. Ni kidogo sana, ampia moja ukiigawa mafungu milioni, huo ni mafungu machache tu. Bodi ikiuona inasema moto upo. Isipouona ndani ya sekunde chache, inafunga gesi, kwa sababu gesi inayotoka bila moto ni bomu.

Sasa tazameni. Ufito ukipata vumbi na masizi, umeme haupiti. Athi ikilegea, haupiti. Skrubu ya athi ikiota kutu, haupiti. Laivu na nyutro zikigeuzwa, hesabu za bodi zinavurugika. Katika hali zote hizo utakachoona ni kilekile: moto unawaka vizuri, wa buluu, unafurahi, halafu baada ya sekunde tatu au nne, tap, umezimika. Unajaribu tena. Tap. Baada ya mara tatu hadi tano bodi inajifungia, mara nyingi kwa saa nzima, na hapo kuzima na kuwasha hakusaidii neno kama chanzo kiko palepale.

Fundi mzuri akiona hivyo anaanza na ufito. Anauchomoa, anausugua taratibu kwa pamba ya chuma laini, si msasa mkali unaouacha na mikwaruzo, anaufuta, anaurudisha. Lakini hukutana na fundi anayesugua leo, anarudi wiki ijayo kusugua tena, na kila akija analipwa. Ufito uliosafishwa ukikataa tena baada ya wiki, suala si ufito. Mwulize, "Umepima athi?" Swali hilo moja litakuokolea pesa nyingi. Nyumba za kale za mjini hapa, hasa zile ambazo nyaya zake zimeongezwaongezwa vipande na kila aliyepita, athi unaweza kuikuta imefungwa kwenye boksi la chuma ambalo lenyewe halijaunganishwa na kitu chochote.

Viungo vilivyolegea navyo ni sura nyingine ya tatizo hilohilo. Kila panapokutana waya na waya pana uwezekano wa kulegea, kwa sababu chuma kinapata joto kinatanuka, kinapoa kinasinyaa, na tanuru linafanya hivyo usiku kucha kwa miezi sita. Kiungo kikilegea kinapata ukinzani, ukinzani unazaa joto, joto linakilegeza zaidi. Dalili zake ni tanuru linalozimika bila mpangilio, leo vizuri, kesho hapana. Fundi akifungua ataona plagi ya plastiki imegeuka rangi ya chai, au harufu ya kuungua. Nyumba zilizojengwa kati ya 1965 na 1973 nyingine zina waya za alumini badala ya shaba, na hizo viungo vyake hulegea na kuota kutu haraka zaidi. Kama unanunua nyumba ya miaka hiyo, mkaguzi wako alitazame hilo kwa jina. Na matanuru ya kisasa yenye ufanisi mkubwa yanatoa maji. Mrija wa maji ukiziba, maji hutafuta njia, na mara nyingine njia hiyo inapita juu ya bodi. Ukiona doa la chumvi nyeupe kwenye nyaya, tafuta maji yanakotoka kabla hujanunua bodi.

Sasa niseme la kuumiza. Kuna mafundi wa mtaani, na wengine ni ndugu zetu tunaowapenda, ambao tanuru likizimika wanachukua kipande cha waya na kuiruka swichi ya usalama. Wanafunga ncha mbili pamoja, tanuru linawaka, wanapewa dola 50 na sahani ya pilau. Nawaomba msikubali. Swichi ya presha ikifunguka, huenda waya wake umechomoka, sawa, lakini huenda pia bomba la moshi limezibwa na theluji au kiota. Ile ya moto kutoka nje ina kitufe unachoweza kukibonyeza, lakini kama kimejifungua maana yake moto ulitoka mahali pake, na mtu lazima ajue kwa nini. Ukiziruka, moshi unabaki ndani, na ndani yake mna kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu, isiyo na rangi, inayolaza familia nzima wasiamke. Watengenezaji wanalijua jaribu hili. Bodi nyingi huikagua swichi ya presha kabla feni haijazunguka, na ikikuta imekwishafungwa wakati inapaswa kuwa wazi, zinagoma kuwasha. Hata kitufe cha mlango, msikifunge kwa tepu.

Sheria ya Minnesota inataka king'ora cha kaboni monoksaidi kiwepo ndani ya futi 10, yaani mita tatu, kutoka kila chumba cha kulala. Leo mkifika nyumbani bonyezeni kitufe chake cha majaribio. Na wakati mnamsubiri fundi, jiko la mkaa lisiingie ndani, hata kwa dakika tano, hata dirisha likiwa wazi. Najua tumelelewa nalo. Nyumba zetu za kule zilikuwa na mianya ya kupitisha hewa. Hizi zimezibwa kila tundu. Oveni ya gesi nayo si ya kupashia chumba.

Hita ndogo za kuchomeka zinasaidia, lakini zifanyieni hesabu. Hita ya wati 1,500 kwa volti 120 inakula ampia 12 na nusu. Laini ya soketi mara nyingi ni ya ampia 15. Kwa hiyo laini moja, hita moja, na ichomekwe moja kwa moja ukutani, kamwe si kwenye waya mrefu wa kuongezea, maana ule mwembamba wa dukani unapata moto ukiwa chini ya zulia bila mtu kuuona. Iwe mita moja kutoka kwenye pazia na kitanda. Usiku watoto wote walale chumba kimoja, bomba la maji liachwe likidondoka kidogo, na milango ya kabati chini ya sinki iwe wazi ili joto liyafikie mabomba.

Kwa wapangaji: tanuru si lenu, msilifungue. Sheria ya jimbo, tangu Januari 2024, inamtaka mwenye nyumba ahakikishe joto la angalau nyuzi 68 za Farenhaiti, yaani 20 za Selsiasi, kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, isipokuwa pale ambapo kampuni ya gesi au umeme imeagiza joto lipunguzwe. Mkimpigia simu, fuateni na ujumbe wa maandishi, muandike saa na kiwango cha joto kilichopo, na mpige picha ya themostati. Minneapolis mkikwama pigeni 311, namba ya huduma za jiji. Wenye nyumba zenu, mnaruhusiwa na jimbo kufanya kazi za umeme ndani ya nyumba mnayoishi, lakini kwa kibali na ukaguzi, na mimi nashauri upande wa volti 120 uachwe kwa mwenye leseni.

Mnapompigia fundi, msiseme tu "tanuru limeharibika". Mwambieni kitaa cha kwenye bodi kinapepesa mara ngapi. Jedwali la maana yake limebandikwa nyuma ya mlango, na kitaa chenyewe kwa kawaida kinaonekana kwenye kidirisha bila kufungua kitu. Mwambieni linaishia hatua gani: feni ndogo inavuma au haivumi, kiwashio kinang'aa au haking'ai, moto unashika ukazimika, au haushiki kabisa. Mwambieni kama kuna mtu kagusa themostati, soketi au filta wiki hii. Mpangaji aliyenipa maneno hayo matatu kwa simu nimewahi kufika kwake na kipuri kikiwa tayari mkononi.

Maswali tutayafanyia huko chini, maana besimenti ya ukumbi huu ina tanuru na nimepewa ruhusa tulifungue. Vijana mtangulie na tochi. Mmoja wenu atafute swichi ya ukutani aizime mbele yetu, mwingine atoe mlango asome lile jedwali kwa sauti, na mafundi wa nyumbani mkae mbele kabisa, nataka muuone ule waya mweusi kwa macho yenu kabla mtu hajagusa chochote.